Sanda ya Bibi

Zulia jipya likinukia dukani, mimi natoka nje. Lile la baba mkubwa lilikuwa la kijani. Alirudi nalo kutoka Hija, akalitandaza barazani kwetu Rutamba, nami utotoni nikalilalia, laini kama manyoya ya kifaranga. Majirani aliwagawia tende na tasbihi. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa mgonjwa, na kabla mwanawe hajasafiri alimwagiza kitu kimoja tu: sanda iliyochovywa maji ya Zamzam.

“Begi lilijaa, mama. Sanda hata Lindi zipo.”

“Kumbe mazulia Lindi hayapo?”

Wageni wakacheka. Yeye naye akacheka.

Bibi tulimzika kabla korosho hazijaanza kuanguka, kwa sanda ya bafta ya dukani. Na aliyesimama mbele kutusalisha, namtaja, ni baba mkubwa.