Nuru Haina Gunia

Jumamosi moja ya mavuno, mimi na binti yangu tulikaa kwenye kibaraza cha mnunuzi wa ndengu huko Kathonzweni, tukingoja zamu yetu ya mizani. Jumatatu angemkabidhi mwalimu orodha ya masomo aliyoyachagua. Alikuwa ameapa kuiacha fizikia, somo alilolipenda kuliko yote, iwapo hangeelewa kwa nini chembe ya nuru haina tungamo tuli, yaani tungamo la kitu kikiwa kimetulia.

Nami niliisomea fizikia chuo kikuu. Siku hizi nauza pampu za maji mjini Salama. Nilitamani aendelee, lakini niliogopa kumsukuma.

Mnunuzi alipima gunia la mama mmoja, kisha, kama ilivyo desturi, akatoa uzito wa gunia tupu.

“Hata hili kuukuu unalitoa?” mama akalalamika. “Limebaki matundu!”

“Matundu nayo nimeyapima, mama.”

Binti akanigeukia. “Baba, si ni vivyo hivyo? Pima nuru ikiwa mbioni, toa mwendo, kinachobaki ndicho tungamo tuli. Lazima kibaki kitu!”

“Mwaitu,” nikamwambia, yaani ‘mama’ kwa Kikamba, maana ana jina la mama yangu, “gunia unaweza kulimwaga ukabaki nalo mkononi. Nuru haitulii. Uifuate kwa kasi yoyote, itakukimbia kwa kasi ile ile. Ukiiondolea mwendo, hubaki na chochote.”

“Na jua hili linalonichoma shingo? Ni ‘hakuna chochote’ gani kinachochoma?”

Nilichora mavumbini pembetatu yenye pembe mraba. “Upande mrefu ni nishati yote ya kitu. Wa chini ni msukumo wa mwendo wake. Wa kusimama ni tungamo tuli. Nuru ikipimwa, upande mrefu na wa chini hutoka sawa.”

Aliinama. Akaufuta upande wa kusimama, akauchora mfupi, kisha mfupi zaidi.

“Lakini zikiwa sawa, Baba, hii si pembetatu tena. Imelala.”

“Imelala.”

“Basi nishati ipo, ila yote ni ya mwendo.”

Mnunuzi akaita zamu yetu. Binti hakuinuka.

“Tangulia,” alisema, akichora nyingine. “Nataka kuona kama ya elektroni nayo inaweza kulala.”

Nililiburuta gunia letu peke yangu hadi kwenye mizani. Sikuona haja ya kumwuliza habari za Jumatatu.