Mshika daftari la foleni asiye na cheti cha kuzaliwa

Saa kumi na moja alfajiri, geti la ofisi ya vyeti vya kuzaliwa bado limefungwa kwa mnyororo, na nje yake watu arobaini na watatu wamekwishafika. Hawajuani. Ila kila anayefika anauliza swali lile lile: "Karani yuko wapi?"

Karani yuko pale ukutani, amekalia ndoo aliyoipindua, daftari gotini. Si karani wa ofisi hata kidogo. Hana mshahara, hana meza, na daftari lenyewe halina mhuri. Lakini ole wako uingie kabla jina lako halijasomwa! Utarudishwa na watu usiowajua, tena kwa maneno ya kukutoa jasho.

"Unafika mwenyewe, unaandikwa. Humwandikii shemeji, humwekei nafasi jirani," anasema mwanamume huyu wa miaka arobaini na minne, baba wa watoto watatu. "Basi. Sheria ndiyo hiyo tu."

Alianza miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya mama mjamzito kusukumwa akaanguka getini. Yeye alikuwa mpiga debe wa kibanda cha picha za pasipoti hapo jirani. Akaomba kalamu, akaanza kuandika majina. Ofisi huhudumia watu sitini kwa siku. Wa sitini na moja anajua mapema na kwenda zake. Wanaoandikwa humwachia chochote wakipenda. Siku njema anapata hela ya kilo mbili za unga na nauli. Siku mbaya anatembea.

Sasa bahati imembishia hodi. Ofisi inataka kumwajiri rasmi, awe mwelekezaji wa wateja, kwa mshahara wa kila mwezi. Sharti ni moja: alete cheti chake cha kuzaliwa, au walau stakabadhi ya kukiomba, kabla ya saa sita mchana Ijumaa. Yaani kesho.

Cheti hana. Hajawahi kuwa nacho.

"Usicheke, mwandishi," ananiambia, naye mwenyewe anacheka. "Kinyozi hajinyoi."

Karatasi zake ziko tayari. Shangazi yake amekwisha kula kiapo kwamba anamjua tangu kuzaliwa. Kilichobaki ni zamu, na zamu ndiyo imemtia kitanzini.

Jumatatu alijiandika wa kwanza. Si ndiye hufika kabla ya wote? Jina liliposomwa, mzee mmoja aliyelala kibarazani usiku kucha ili awahi foleni akauliza kwa upole, "Kumbe mwenye kalamu ana foleni yake?" Ikawa vurugu. Watu wakamnyang'anya daftari, wenye misuli wakatangulia, geti likafungwa kwa saa mbili. Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akarudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Akalifuta jina lake daftarini. Aibu aliyoiona siku ile, anasema, hataki hata kuikumbuka.

"Walikuwa na haki," anasema. "Mimi nafika kazini. Wao wanafika foleni. Nilichanganya."

Ofisa wa dirisha la pili alimwambia apitie mlango wa nyuma, dakika tano tu. Akakataa. Mkewe hakuongea naye siku nzima. "Kichwa chake kigumu kama kisigino," mkewe ananiambia kwa simu. "Watoto watakula hiyo haki?"

Swali hilo anakiri linamchoma. Ndiyo maana leo, baada ya kumsoma wa sitini, anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: anamkabidhi mtu daftari. Ni mwanamke fundi cherehani aliyekosa nafasi jana kwa watu wawili tu, akaondoka bila kumtupia mtu neno. Leo amepata stakabadhi yake. Amekubali kurudi kesho alfajiri kushika kalamu.

"Saa yoyote nitakayofika, utaniandika hapo hapo," Karani anamwelekeza.

"Kaka, na ukiwa wa sitini na moja?"

"Niandike wa sitini na moja."

"Na kazi?"

Anaikung'uta ndoo, anamsogezea fundi.

"Kazi naitaka, dada yangu, wala sikufichi. Leo nitalala mapema, na saa nane usiku nitakuwa njiani. Lakini nikikosa, Jumatatu nitakuja hapa niseme 'pangeni mstari.' Na watapanga."

Fundi anafungua ukurasa mpya, anaandika tarehe ya kesho. Kisha anamuuliza jina lake kamili, maana kwa miaka yote hiyo hakuna mtu wa foleni aliyewahi kulihitaji. Karani anamtajia la kwake, la baba na la babu, polepole, asije akakosea herufi.

"Usiandike sasa," anamwambia. "Sijafika."