Nilivyolikandika Pangaboi la Nepomuseni

Wajukuu wa jirani hunitaka niwasimulie kisa hiki wapate kucheka, nami huwasimulia, lakini leo nakiandika nikiwa peke yangu na uso bado unawaka kwa aibu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, hapa Kanazi. Binti yangu Konsolata alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na tangu vita sikuwa na habari zake. Mume wangu alishafariki, nyumbani nilibaki na kuku tu. Jirani yangu Nepomuseni, mkimbizi, fundi baiskeli, alikuwa na redio, na kila Jumapili redio ilisoma majina ya watu waliopotezana na ndugu zao. Betri zilikuwa za wenye hela tu, basi akaunda pangaboi la bati, akalifunga juu ya mti mrefu aliousimika uani, likizunguka linaendesha dainamo ya baiskeli na redio inasema. Upepo ukipungua, redio inanong'ona halafu kimya.

Siku moja akabandika uzi wa katani mgongoni mwa kila panga la pangaboi lile.

"Mama Konsolata, bati likiwa laini sana upepo unaliacha mapema. Ukijikwaa kidogo kwenye uzi, unakorogeka, unalishika."

Na kweli, likawa linazunguka hata kwa upepo wa kutikisa jani tu. Basi mimi na elimu yangu ya darasa la pili nikawaza, kama uzi mmoja unafanya hivi, mwili mzima ukiwa wa kukwaruza je? Jumapili nikatoka misani mapema (nilisingizia kichwa), nikaulaza ule mti, nikayakandika mapanga kwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na pumba za ulezi, kama tunavyokandika ghala, ila panga la mwisho nililipaka nusu kwa sababu mavi yaliniishia, nikausimamisha mti kabla hata hayajakauka maana watu walishaanza kuja kusikiliza majina.

Akaja Severini, katekista, na shati lake jeupe. Akaja Adela, na ulimi wake.

"Mama Konsolata, mbona unanuka zizi?"

"Nilikuwa nakamua."

"Unakamua kuku siku hizi?"

Watu wakacheka. Upepo ukaja, na ulikuja mkubwa, redio ikapaza sauti kuliko siku zote, nikajiona mhandisi. Kumbe panga lile la nusu lilikuwa jepesi kuliko mengine! Mti ukaanza kutetemeka, mavi yakaruka, bonge la kwanza kifuani kwa Severini, la pili kwenye kitenge cha Adela, watu wakakimbia huku na huku.

"Nani kafanya haya?" Severini akauliza, na wote wakaitazama mikono yangu.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilikuwa nacheka, ndipo redio ikasema, "Konsolata anamtafuta mama yake, aitwaye..." na mti ukakatika.

Kicheko kikazimika. Nepomuseni hakunigombeza, alipiga magoti kwenye mavi akitafuta waya. Mimi nilikwenda vilevile na mikono yangu michafu, nyumba kwa nyumba za wenye redio, nikiuliza, "Konsolata, mama yake nani?" Hakuna aliyelishika jina. Adela alinifuata na maji ya kunawa, akaniambia Makonsolata ni wengi.

Redio ilitengenezwa, nikaisikiliza Jumapili zote hadi wakimbizi waliporudi kwao. Jina lile halikusomwa tena. Nimeapa, kitu kikifanya kazi vizuri sikiongezei kitu, hata uzi. Na redio ya mtu ikiwa inasema popote nipitapo, nasimama hadi imalize.