Nyumba Ambayo Haijanyeshewa

Mwaka wa 1970 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Baba alikufa wakati wa kupalilia mahindi. Kwetu Migori, sisi Wajaluo, paa la nyumba ya mjane haliguswi mpaka apatikane mwanamume wa ukoo wa kumrithi. Mama alikataa kurithiwa. Alisema ameolewa mara moja, imetosha. Basi nyasi za paa zikaoza, mvua ikaingia, na ndugu za baba wakawa wanapita njiani wanaangalia tu. Hakuna aliyeweka ngazi. Ukuta wa nyuma ulilegea ukaanguka mchana kweupe, tukahamia jikoni pamoja na mbuzi. Mimi niliachia shule darasa la tatu, nikaenda Rodi Kopany kuwachotea maji watu wa matofali. Huko nilijiapiza kitu kimoja: sitakaa kwenye nyumba yangu ambayo sikuijenga mwenyewe.

Kiapo hicho nilikishika zaidi ya miaka hamsini. Matofali nilifyatua mimi, nikachoma mimi, nikapanga mimi. Kila anayekuja kwangu, awe mkubwa awe mdogo, anakaa chini ya mabati niliyopigilia kwa mkono wangu. Sioni haya kusema hivyo.

Halafu figo za mke wangu zikakataa kazi.

Mashine ya kusafisha damu iko Homa Bay, na ni lazima aende mara mbili kwa wiki. Kiangazi si taabu. Lakini mvua ndefu ya mwaka juzi, mto ulipanda juu ya daraja letu na gari halikuweza kuvuka. Mke wangu, ambaye kwetu sote tunamwita Mama, akakosa mashine. Miguu ilivimba, uso ukavimba, akawa anapumua akiwa ameketi kwa sababu akilala pumzi inakatika. Nilisimama pale ukingoni naangalia maji ya rangi ya chai yakipita juu ya daraja, mimi mwenye ng'ombe na matofali, na sikuwa na la kufanya. Maji yaliposhuka tulimfikisha akiwa hajui yuko wapi. Daktari hakuzungusha maneno. Aliniambia akikosa tena namna hiyo, nisije kumlaumu mtu.

Kwa hivyo kabla ya mvua ndefu nyingine ni lazima mke wangu awe analala Homa Bay. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yote. Kujenga kungechukua mwaka mzima, na mimi sijengi haraka. Nyumba za kupanga tulizoona zilikuwa juu ghorofani, na ngazi yeye hawezi. Binti yetu, ambaye ni mwalimu huko na anakaa chumba kimoja tu, akapata nyumba mpya inauzwa, imekamilika juzi tu, kwenye mteremko nyuma ya mji. Hakuna mtu amewahi kukaa humo.

Muuzaji alikuwa kontrakta kijana, miwani ya jua iko juu ya kichwa hata ndani ya nyumba. Alitutembeza. Taili zinateleza kama samaki. Milango inanuka vanishi. Mabati ya buluu, tanki la maji, choo cha ndani.

Nisiwe mwongo, nyumba mpya ina uzuri wake. Hakuna mtu amefia humo. Hakuna mtoto wa mke wa pili atakayetokea kusema hii ilikuwa ya baba. Waya za stima hazijatafunwa na panya. Unaingia na godoro lako siku hiyohiyo. Lakini mimi nimejenga, najua upande wa pili. Nyumba ya zamani imenyeshewa. Makosa yake yako nje, unayaona kwa macho, unapunguza bei. Mpya imepakwa rangi juu ya kila kitu. Msingi umeshafukiwa, unaambiwa tu kina chake. Ukuta haujakauka, na mlango unaofunga vizuri Februari utakataa kufunga Juni. Na aliyeijenga hakuijenga ili alale humo. Aliijenga ili aiuze. Hilo ndilo lilikuwa linanikwaruza.

Nikamwambia, "Kijana, nipe funguo. Nilale humu na mama mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Isipovuja nanunua."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana naye ni mtu wa kwetu. Nyumba mpya hufunguliwa na mwanamume na mkewe kwa kulala humo usiku wa kwanza, na walioifungua ndio wenyewe.

"Mzee, wacha hiyo," akasema. "Mkilala humu mmeshaifungua. Mkiikataa asubuhi, Mjaluo gani mwingine ataichukua? Nitawauzia popo?"

"Basi nipe mchana."

"Mchana kaa hata mpaka uote mizizi. Lakini Ijumaa kuna mtu wa Sindo anakuja na pesa yake."

Tukawa tunakaa mchana. Mama akitoka kwa mashine, tuktuk inatuleta, yeye anaketi kwenye kiti cha plastiki jikoni karibu na mlango wa nyuma apate hewa, mimi nazunguka nikigonga kuta. Jua lilikuwa kali kama lililowekwa makusudi. Hakuna wingu. Mama ananiangalia tu.

"Wuon pacho," akaniita. Maana yake ni mwenye boma, na yeye huniita hivyo akitaka kunichoma. "Umegonga huo ukuta mpaka utafungua mlango uulize unataka nani."

Ndugu yangu, mtoto wa mke wa kwanza wa baba, yeye alikuwa anapiga simu kutoka nyumbani. "Omera, ndugu yangu, nasikia unanunua nyumba kama mkate. Ukifia humo tutakuzika wapi? Chini ya taili?"

"Nitazikwa kwangu Migori."

"Mtu akihama na mke wake na vyombo vyake, kwake ni wapi tena? Boma litalala baridi, watoto wataanza kuteketea kwa laana. Fikiria."

Nilifikiria. Sikulala vizuri wiki hiyo, na sikumwambia mtu.

Alhamisi, baada ya saa nane, upande wa ziwa ukawa mweusi. Upepo ukaja na vumbi na makaratasi, halafu matone makubwa, halafu mvua yenyewe, ile ambayo mabati yakipigwa hamsikizani. Kontrakta alikuja anakimbia, viatu mkononi. Nikaanza na paa: kavu. Madirisha: kavu. Juu ya dirisha la sebule nikaona ufa. Nikaingiza ukucha.

"Umeona?" nikapiga kelele. "Nyumba inapasuka!"

"Ni plasta inajikunyata, mzee! Kwaruza uone!"

Nikakwaruza kwa kisu. Ilikuwa plasta kweli. Nyuma yake jiwe zima, simiti nzuri. Kijana akashika kiuno ananiangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndipo mama akaita kutoka jikoni, si kwa nguvu, "Wuon pacho. Miguu yangu iko majini."

Nilikimbia. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango wa nyuma, mekundu, na majani yake na mbolea ya ng'ombe wa watu. Nikafungua. Uwanja wa nyuma ulikuwa umechimbwa ndani ya mteremko, kilima chote kinamwaga hapo, na hakuna mtaro hata wa upana wa mkono. Nimezunguka kuta siku zote hizo, nimeangalia juu, sikuwahi kutoka nyuma nikaangalia kilima.

Nilimgeukia yule kijana. Sitaandika yote niliyomwambia. Wakati huo gari likapiga honi nje. Mtu wa Sindo hakungoja Ijumaa. Aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na mwavuli, mtu wa samaki, mnene, ana haraka. Akachungulia jikoni, akaona maji, akasema kwa Kiswahili cha sokoni, "Hii ni maji tu. Mimi nachukua vile iko. Mzee akishindwa, nipe mimi."

Kijana akaniangalia. "Mzee?"

Mimi nilikuwa nimesimama katika maji ya mtu mwingine, kwenye nyumba ya mtu mwingine, na ninaona ukuta wa nyuma wa mama yangu unaanguka. Mdomo ulikuwa unasema hapana. Nilikuwa nimeshashika kiti cha mke wangu ili tutoke.

Hakuinuka.

"Nikuulize," akasema. "Mtaro unajua kuchimba?"

"Mtaro? Mimi? Nimechimba mitaro kabla huyu kijana hajazaliwa."

"Na figo?"

"Nini?"

"Figo unajua kuchimba?"

Mtu wa Sindo alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amekunja rinda juu ya magoti, miguu iko kwenye yale maji mekundu, na vifundo vyake vilikuwa vyembamba, vifundo vya mtu aliyetoka kwa mashine. Niliviona. Mvua ile ingekuwa inanyesha kwetu siku ya mashine, tungekuwa tumekwama ng'ambo ya mto.

Nikamwambia kijana, "Nachukua. Na wewe utaleta mawe ya mtaro kwa lori lako. Kuchimba nitachimba mimi."

Alikubali haraka kuliko nilivyotaka. Hata leo nahisi ningemkamua zaidi.

Usiku huo nilimpigia ndugu yangu, nikamweleza mambo ya daraja na ya miguu. Alikohoa. Akasema, "Basi nenda. Lakini mafiga ya jikoni yabaki hapa. Mke wako asibebe hata moja. Mafiga yakibaki, hapa ndipo kwenu, huko ni mahali pa kulala tu." Mama alinung'unika, maana mawe hayo matatu amepikia tangu aolewe. Yalibaki. Mke wa kifungua mimba wetu anawasha moto hapo kila jioni.

Tulilala nyumba mpya sisi wawili, kama inavyotakiwa. Hayo mengine si ya kuandika. Mtaro niliumaliza mgongo ukiuma, na mvua ndefu ilipokuja niliketi mlango wa nyuma nikaangalia maji yakishuka kilima, yakipinda kona niliyoyapindia, yakienda zake. Mwezi huo daraja letu la Migori lilifunikwa tena. Tulisikia kwa simu. Mama alikuwa anavaa viatu aende kwa mashine.

Leo nina haya. Boma moja Migori, nyumba tatu za matofali, zote nimejenga. Tanuri la matofali Rodi Kopany. Ng'ombe, wachache kuliko zamani, kwa sababu ya hiyo nyumba. Shamba la mahindi na miwa kidogo. Nyumba moja Homa Bay ambayo sikuijenga. Mtaro wake, ambao niliuchimba. Mke simwandiki hapa, yeye si mali. Amesema niandike kwamba sufuria ni zake.