Phase Six ya Mzee Kiarie

Mtaa wa Buruburu una Phase tano, yaani awamu tano za nyumba, na mkaazi yeyote atakuhesabia bila kigugumizi. Ya sita ilizaliwa Januari ya 1996 mbele ya nyumba ya Dedan Kiarie, ikiwa na magurudumu manne na kutu kwenye milango.

Ilikuwa pikapu kuukuu iliyobebeshwa chumba mgongoni, chenye kitanda, kabati, meza ya kukunja na kidirisha cha pazia. Kiarie aliinunua kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alipoifikisha nyumbani, majirani walitoka na vikombe vya chai mkononi, wakaizunguka, wakacheka, na mmoja akasema huyu bwana sasa amejenga Phase Six. Jina likanasa hapo hapo.

Msimcheke kabla hamjamjua. Kiarie aliendesha lori la kiwanda cha biskuti miaka thelathini na mmoja. Alipeleka biskuti Garissa, Lodwar, Marsabit, na kila aliporudi alimsimulia mkewe, Jecinta, habari za ngamia waliofunga barabara na ukungu uliomfanya avae makoti mawili saa nne asubuhi. Jecinta alisikiliza huku akimpakulia. Yeye mwenyewe alijua njia mbili tu, ya shule alikofundisha na ya kwao Murang'a. Siku Kiarie alipostaafu, jambo hilo lilimchoma. Aliona ameila nchi nzima peke yake, mwenzake akabaki kuosha sahani. Alinunua lile gari kwa sababu hiyo, wala hakuwa na nyingine: alitaka kumpeleka Jecinta Marsabit.

Jecinta akakataa.

"Baba Kabiru, mimi nilale porini kwa giza? Fisi akija nimjue vipi?"

"Kutakuwa na taa, Mama Kabiru."

"Taa gani? Hizo zako zinazima nikipiga chafya?"

Hapo hakumwonea. Stima ya Phase Six ilikuwa kichekesho. Nyaya zilikuwa zimeunganishwa kwa plasta ya vidonda, na betri ilikuwa moja, ya injini na ya taa, hivi kwamba ukisoma gazeti jioni, asubuhi gari halishtuki. Majirani walilisukuma mara mbili. Mara ya tatu kila mtu alikuwa na mgonjwa wa kumwona hospitali.

Wakapatana hivi: taa ziwake jioni tatu mfululizo hadi wakati wa kulala, gari likiwa limesimama pale pale bila kuwashwa, naye Jecinta atapanda. Februari ikiisha bila hilo, Phase Six itauzwa. Kiarie alikubali upesi, kisha akakosa usingizi.

Fundi aliyemtafuta ni Laban Opicho wa Dandora, mtu wa nyaya za magari, mpole, mwenye kalamu ya risasi sikioni na majivuno kidogo aliyostahili. Laban aling'oa kila waya. Akaweka betri ya pili chini ya kitanda, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ili ipumue, akaipa kila taa fyuzi yake, na katikati ya betri hizo mbili akafunga swichi ya kuzitenganisha.

"Mzee, hii ya mbele ni ya kuwasha injini, usiiguse. Hii ya chini ni ya nyumba. Hizi mbili hazijuani, sawa?"

"Kama majirani wa Phase Five," alisema Kiarie.

Mwisho Laban akapanda juu ya paa akafunga paneli ya sola, nyeusi, inayong'aa, kubwa kama meza ya sebuleni. Hiyo ndiyo ingejaza betri ya nyumba wakiwa wameegesha.

Jioni ya kwanza taa ziliwaka. Ya pili zikawaka, Kiarie akaimba hadi jirani akafunga dirisha. Ya tatu, taarifa ya habari ya saa moja ikiwa katikati, taa zikawa nyekundu, redio ikakwama, na Phase Six ikawa giza. Jecinta alikusanya vikombe akaingia ndani, na Kiarie angependelea atukanwe.

Laban alikuja kesho yake baada ya kufunga kazi, jua limeshatua. Akapima, akakaza, akabadilisha betri, akaondoka na imani. Jioni mbili nzuri, ya tatu giza. Akaichaji betri, akabadilisha waya wa paneli. Mambo yale yale. Kiarie, ambaye mchana kutwa alishinda gerejini kwa Laban huko Dandora akidai anajifunza stima, alianza kukonda. Februari ilikuwa imebakiza siku nne.

"Leo twende saa sita," Laban alisema. "Nataka niione ikiwa na jua kichwani."

Wakafika saa sita kamili, jua la kupasua utosi. Laban akapanda ngazi ya nyuma ya gari, akachungulia paani. Kisha akaanza kutetemeka. Kiarie alidhani amepigwa na stima.

"Mzee," alisema Laban akijifuta machozi ya kicheko, "paneli imevaa."

Imevaa kweli. Kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya manjano na pindo la mawimbi, kilikuwa kimeifunika paneli nzima, kimefungwa pembe nne kwa vikamba. Majirani wote walikuwa wakikiona, lakini nani Buruburu angeshangaa kuona kitambaa juu ya kitu kipya? Kwa Jecinta kila kitu kilivaa: televisheni, redio, viti, hata mtungi wa gesi.

Jecinta alitoka jikoni akipangusa mikono. "Mnacheka nini na kitambaa changu?"

"Mama, hiyo kitu inakula jua," Laban alisema kwa heshima yote aliyoweza kukusanya. "Ukiifunika, inalala njaa."

"Si kina matundu? Nimekifuma hivyo makusudi, jua lipite na vumbi libaki. Na jioni nakianua umande usikiharibu." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani halipiti?"

Laban akashuka, akaenda kuegemea ukuta.

Kiarie hakucheka. Alipanda ngazi, mzee wa miaka sitini na mgongo wake mbovu, akakishika kile kitambaa. Kilikuwa kipya. Kilitoshea paneli pembe kwa pembe. Mtu alikuwa amepanda huku juu na utepe wa kupimia, akafuma usiku na mchana, na kila siku, yeye akiwa Dandora, akapanda tena. Jecinta, ambaye kubadilisha balbu ya sebuleni alimwita mtoto wa jirani! Moyo wa Kiarie ulijaa furaha.

"Si ulisema huendi?" aliuliza kutoka juu.

"Nilisema siendi gizani."

"Mama Kabiru, watu hufuma vitambaa vya nyumba yao."

"Na hii ni ya nani?" Jecinta alijibu. "Shuka huko kabla hujaanguka."

Akashuka. Akasema sasa itabidi wangoje jioni tatu nyingine, mkataba ni mkataba. Jecinta alikuwa ameshafungua mlango wa Phase Six, anapanga sufuria kabatini.

"Miaka thelathini na mmoja unanisimulia Marsabit," alisema bila kugeuka. "Jioni tatu za nini tena? Leta mablanketi."