Wimbo wa Chemchemi Iliyouzwa

Nitaanza na majivuno, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. Katika vilima vya Nunguni, miaka ya themanini, hakukuwa na mwanamke aliyejua kuanzisha wimbo wa mwethya kunishinda. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi: wiki hii tuko shambani kwako, wiki ijayo kwangu. Tulichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa juu wa mteremko ili mvua isiubebe, na mwenye sauti alitunga maneno papo hapo huku wengine wakiitikia. Nilimwimba mume mlevi, nikamwimba karani mvivu, nikamwimba hata mchungaji aliyependa mapaja ya kuku. Wanawake walicheka mpaka wakaegemea majembe. Nilipenda kuitikiwa kuliko nilivyopenda kula.

Mwaka ule wa kura ya mlolongo, watu wawili walitaka udiwani wa kwetu. Mmoja alikuwa mkunga wetu, ambaye aliwapokea watoto wangu wote kwa mikono yake. Mwingine alikuwa mwenye duka kubwa sokoni, mtu wa kicheko kirefu na ahadi nyingi. Mkunga hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba chemchemi ya bondeni ibaki ya watu wote, na kila boma litoe mtu wa kuisafisha kabla ya mvua. Maneno kama hayo yatamchangamsha nani?

Mwenye duka akasimama sokoni akatangaza kwamba mkunga ameshaiuza chemchemi kwa tajiri mmoja wa barabara ya Mombasa, anayetaka maji ya kulimia nyanya. Ulikuwa uongo mtupu, na mimi nilijua. Tajiri huyo alikuja kweli, akamkuta mkunga akifua chini ya chemchemi, na mimi nilikuwa hapo hapo nikijaza mtungi. Alimwomba awashawishi wazee wakubali kumuuzia. Mkunga hakuacha hata kufua.

"Haya maji si yangu," alimwambia. "Na hata yangekuwa yangu, watoto watakunywa nini? Rudi salama, mzee."

Tajiri akaenda zake. Zaidi ya mimi, hakuna mwingine aliyesikia.

Siku chache baadaye tulikuwa kazini, jua linachoma, kikundi kimelegea. Mkunga hakuwepo, alikuwa ameitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Mwenzangu mmoja akanichokoza: "Leo umekauka? Tupe kitu." Nikawapa. Niliimba kwamba mkunga ameipokea chemchemi kama anavyopokea mtoto, akaifunga leso, akaibeba mgongoni mpaka barabarani. Kiitikio kilikuwa "Watoto watakunywa nini?" Naam, nilimnyang'anya hata swali lake mwenyewe. Niliona aibu nikiwa bado naimba, lakini walikuwa wakiitikia kwa nguvu kiasi kwamba sikuweza kunyamaza. Nilijiambia ni mzaha tu.

Jumapili wimbo ulikuwa umeshavuka bonde. Siku ya soko niliusikia kwa vijana wa mwenye duka, wakiupiga na ngoma. Yeye mwenyewe alinisalimia kwa kunishika mikono yote miwili, nami nikajiona mtu mkubwa.

Ikafika zamu ya mwethya kwenda kwa mkunga. Hakuenda mtu. Mimi nilikaa jikoni nikichagua maharagwe ambayo nilikuwa nimeshayachagua, na kutoka shambani kwake ng'ambo nilisikia jembe moja likichimba asubuhi nzima.

Kura ya mlolongo haina pa kujificha. Unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, mchana kweupe, na majirani wanakuona. Nilikuwa nimeamua kusimama kwa mkunga. Mstari wake ulikuwa mfupi: mumewe, mama yake, watu wachache wa kanisani. Kabla sijafika, mmoja wa kikundi akanishika mkono, "Njoo huku, mwenye wimbo," nami nikageuka nikamfuata. Mkunga alinitazama. Hakunikunjia uso, na afadhali angenikunjia.

Kabla mwaka haujaisha, diwani mpya, yule mwenye duka, na yule mtu wa nyanya walizungusha waya kwenye chemchemi. Tukaanza kufuata maji mbali. Nikawaza, sasa watu watajua ukweli. Wapi! Walisema, "Si tuliambiwa aliiuza? Mnunuzi ndiye huyo amefika." Waya ule ule uliopaswa kumsafisha ndio uliomtia hatiani.

Nilivumilia mpaka zamu ilipofika shambani kwangu. Mkunga alikuja. Alikuwa akienda kwa kila mtu, ingawa hakuna aliyekwenda kwake. Nilisimama mbele yao kabla ya kazi nikasema: "Huyu mama hakuuza maji. Mimi nilikuwepo. Nilimsikia akimkatalia yule tajiri."

Mkubwa wa kikundi alicheka kidogo, bila ubaya. "Lakini si ni wewe ulituambia? Sasa ulikuwa unadanganya wakati ule, ama unadanganya leo?"

"Wakati ule, mwaitu," nikamjibu, kwa heshima tunayompa mama.

"Na sisi tutajuaje? Shika jembe, jua linapanda."

Nilijaribu kuanzisha wimbo mwingine, wa kumtetea. Nilikuwa nimeutunga kwa machozi usiku kucha, na ulikuwa wa kweli kila neno. Wawili watatu waliitikia kwa adabu, kisha sauti zikafa. Hapo bibi arusi mmoja, mgeni katika kikundi, ambaye hakujua lolote la kura wala chemchemi, akaanzisha ule wa zamani kwa sababu aliupenda. Mstari mzima ukaamka. Nilipiga kelele waache, wakadhani nawahimiza.

Mkunga alikuwa katikati ya mstari, mwanamke huku na mwanamke huku. Ukiwa hapo, usiposhusha jembe pamoja na wenzako utakata mguu wa mtu. Kwa hiyo alilishusha kila walipoimba jina la kazi yake, sawasawa na wao, na mtaro uliochimbwa siku hiyo ulikuwa wangu.