Ukili Uliobaki Uvunguni

Mwezi uliopita nilikwenda Mtunda kufunga vitu vya bibi. Macho yake yamechoka, hawezi tena kukaa peke yake, na mama mkubwa amekubali kumchukua waishi wote hapa Kibiti. Nilipoinama kufagia uvungu wa kitanda, mkono uligusa kitu kilichoviringwa kama gurudumu. Nilikijua kabla sijakitoa kwenye mwanga. Kilikuwa ukili wangu, ule utepe mrefu wa ukindu ambao ukishasukwa wa kutosha huungwa ukawa mkeka. Niliusuka nikiwa darasa la pili. Niliambiwa mkeka wake ulishafika kwa mama siku nyingi.

Nikakaa sakafuni na fagio mkononi. Acha nikusimulie wewe, maana peke yangu jambo hili nalizungusha tu kichwani na haliishi.

Mwaka ule baba alikuwa amemwacha mama, tukarudi kwa bibi. Eda ilipoisha, mpunga ulikuwa unatoa masuke, na kwa watu wetu wakati huo ukifika unahamia bondeni kuamia ndege wasiule. Unafunga nyumba, unavuka mto na sufuria na mtungi, unakwenda kuishi dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na nguruwe uwaone kutoka mbali. Mama alitusindikiza mpaka kivukoni. Alinitengeneza mtandio, akasema, "Nitawafuata mkikaribia kuvuna." Nikapanda mtumbwi nikicheka.

Sijawahi kutulia maishani kama nilivyotulia kule. Alfajiri, bibi akishaswali, tulikaa ukingoni mwa dungu miguu ikining'inia, na ilikuwa marufuku kuongea mpaka ndege wa kwanza waje. "Sikia kwanza," alikuwa akisema, basi. Nikajifunza kusikia. Upepo ukipita kwenye mpunga unakwenda polepole, kama mtu anayeburuta kanga. Ndege wakiingia, sauti inakatika vipande vipande. Nilisikia udongo ukinyonya maji chini ya nguzo, na kiboko akipumua mbali mtoni. Moshi wa kambale wa jana bado ulikuwa kwenye nywele zangu. Kisha ndege wanafika na utulivu unakwisha: tunavuta kamba zenye makopo, tunarusha madonge ya udongo kwa teo, tunapiga kelele na watu wa madungu mengine wanatuitikia. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti kama ya adhana, aliwatukana ndege kama binadamu, akiwaambia waende wakalime kwao.

Jua likiwa kali ndege hupumzika, na sisi tulikula pepeta: mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa mpaka ukawa bapa, bado unanukia majani. Hapo ndipo tulipokuwa tunasuka. Bibi aliniambia ukili wangu ukifika pima za kutosha mkeka, mama atakuja, na mkeka utakuwa wake. Nikasuka mpaka vidole vikachubuka. Tatizo nilitaka usiwe na kasoro. Chane moja ya ukindu ikilala vibaya nafumua shubiri nzima. Bibi alinicheka. "Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike, "utafumua mpaka ukindu urudi porini."

Siku moja niligundua kwamba niliruka chane karibu na mwanzo kabisa, na nilikuwa nimeshasuka pima tatu mbele. Nilitaka kufumua zote. Bibi akanishika mkono, akasema niache, hakuna atakayeona. Niliacha. Sikusahau.

Mpunga ukaiva kabla ukili haujatosha. Mama hakuja. Tukavuna, tukavuka kurudi nyumbani, na chumba chake kilikuwa kitupu, hata msumari aliokuwa akitundikia baibui haukuwa na kitu. Bibi akanieleza kwamba ameolewa kusini, ameondoka majuzi tu, alisubiri akachoka. Ukili ataumalizia yeye, ataunga mkeka na kuupeleka.

Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Mimi niliona wazi. Siku zote zile nilizokuwa nafumua, mama alikuwa anasubiri. Na miaka ya baadaye alipokuja kututembelea, na mtoto mgongoni, akikaa kwenye kiti cha wageni, hakuutaja mkeka hata mara moja. Nikajua ameliona lile kosa.

Leo mimi ni fundi cherehani. Sikufundishwa na mtu. Nilinunua cherehani mbovu, nikawa nafumua nguo kuukuu kuona zimeungwaje, na nadhani sijawahi kuacha kufumua. Nakiri kwako: nitashona pindo la sare ya shule, nilifumue, nilishone, nilifumue tena, mteja yuko kwenye benchi ananitazama, na moyo unakwenda mbio kana kwamba kuna mtu atakufa. Kitu kimoja tu hunituliza. Naamka alfajiri, naacha simu ndani, nakaa mlango wa nyuma, na sitamki neno mpaka ndege wa kwanza. Nasikia kwanza. Siku hizi hata kwenye simu kuna watu wanafundisha mambo hayo, vuta pumzi, sikiliza kilicho karibu nawe. Nilikuwa nikiwatazama najisemea kwamba mimi nilifundishwa na bibi, bila bando.

Basi niliurudisha ule ukili Kibiti, nikamwekea bibi mapajani. Aliupapasa kidogo tu, akajua. Nikamuuliza kwa nini haukwenda.

"Ungekwenda wapi?" akasema. "Mama yako aliondoka siku ya pili baada ya sisi kuvuka. Mume hakutaka mtoto wa mtu."

"Si alisema atatufuata?"

"Maneno yale nilimpa mimi ayaseme."

Mama mkubwa alikuwa jikoni anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Nikasema nilistahili kuambiwa. Bibi aliendelea kuviringua ukili na kuuviringa.

"Ungelia, mke mwenzangu. Ungelia msimu mzima, na ndege wangemaliza mpunga. Tungekula nini?" Kisha akaongeza jambo ambalo sikumuuliza. "Ndiyo maana nilikukataza kuongea asubuhi. Kila ukifungua mdomo, unamuulizia yeye."

Uongo kwamba mama alichoka kusubiri labda ningeubeba. Watu wazima huwadanganya watoto, na kweli tuliula mpunga ule mpaka mwaka wa pili. Lakini zile asubuhi zilikuwa zangu. Nilizihifadhi kama mtu anavyohifadhi cheti. Kumbe nilikuwa nimezibwa mdomo, nami nikadhani nimepewa amani.

Usiku nililitafuta lile kosa kwa kidole gumba. Lipo, dogo kama punje. Mama hakuliona. Hakuna aliyewahi kuliona isipokuwa mimi, na nimewakalisha wateja kwenye benchi miaka yote hii kwa ajili yake.

Dungu letu halipo. Nguzo zilishachomwa kama kuni, shamba limeshikwa na matete, na yule jirani aliyewatukana ndege tulimzika. Watoto wengi hawahamii tena bondeni, wako darasani, na ni vizuri. Hayo yote yameondoka kwa njia ya kawaida, sina wa kumlaumu. Ninachokililia ni kile ambacho sijui kama kiliwahi kuwepo.

Asubuhi yake nilikaa mlango wa nyuma kama desturi. Ukimya ulikuja ule ule, mtamu kama siku zote, na nilikasirika kwamba bado ni mtamu. Nikafungua mdomo. Nikauliza kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili, mama anakuja lini. Kumbe ndege walishatua juu ya bati, nami sikuwasikia. Wakaruka wote kwa pamoja.

Safari hii hapakuwa na mpunga wa kulinda. Nikauliza tena.